Nimechoka Kuambiwa Nijikaze

*Shikamoo mama,*

*Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 41 na watoto watatu. Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa naoga nikagusa kitu kama punje ya hindi kwenye titi la kushoto. Sikwenda hospitali haraka, nilikuwa na sare za shule za kumalizia. Nilipokwenda kilikuwa kama ndimu. Wakachukua kinyama wakapima, majibu yakaja saratani, hatua ya tatu. Mwezi wa kumi na moja titi likatolewa pamoja na matezi ya kwapani. Sasa niko kwenye kemo Dar es Salaam. Nimemaliza dripu nne za ile dawa nyekundu na mbili za hii nyingine, zimebaki mbili. Kila baada ya siku 21 napanda treni ya umeme, nachomwa, narudi.*

*Ila sikuandikii kuhusu dawa. Nakuandikia kuhusu watu, na kuhusu moyo wangu.*

*Tangu majibu yatoke neno ninalosikia ni moja tu: jikaze. Mama mkwe, jikaze. Akina mama wa jumuiya wakija, wanasali, wanakunywa chai, wakiinuka kila mmoja ananishika bega, jikaze mwenzetu. Wifi yangu ndiye aliyenimaliza. Kaniambia saratani inakula mawazo, mtu akilia na kuwaza inazidi kukua, na kanitajia jirani yao aliyepona kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Tangu siku hiyo naogopa kulia. Machozi yakija nakwenda bafuni, nafungulia maji kwenye ndoo, nalia haraka haraka kama mwizi, halafu nakaa najilaumu kwamba nimeulisha ugonjwa.*

*Juzi nilikuwa nashona pindo la shela ya harusi kwa mkono. Niliona doa jekundu kwenye kitambaa ndipo nikajua sindano imeingia kidoleni. Sikusikia chochote, mama. Vidole vyangu ndivyo vinavyosomesha watoto. Hilo nalo sijamwambia daktari. Foleni ni ndefu, aliniuliza "unaendeleaje mama?", nikasema vizuri, akaandika, nikatoka. Na naogopa akijua ataniachisha dawa.*

*Mume wangu si mtu mbaya. Lakini tangu nitoke kwenye upasuaji analala chumba cha watoto wa kiume, anasema asije akanigonga kidonda. Kidonda kimekauka tangu Februari. Binti yangu mkubwa wa miaka 13 aliniuliza kama nakufa, nikamwambia nina vidonda vya tumbo.*

*Wifi kaniletea pia majani makavu ya mstafeli nichemshe ninywe asubuhi na jioni, na kanikataza sukari, nyama na mayai. Nanywa ili asinune. Usiku saa nane naamka, macho makavu, nahesabu mabati mpaka adhana.*

*Je, ni kweli mawazo yangu yanaukuza huu ugonjwa? Na kama ni kweli, mtu anaachaje kuwaza?*

*Fundi, Morogoro*

---

Marahaba mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho maana najua ndilo linalokuamsha saa nane. Hapana. Machozi yako hayalishi saratani. Lia sebuleni ukitaka, na maji ya ndoo uyaache yafue nguo.

Kabla sijamsema wifi yako nijiseme mwenyewe. Nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka 30, mingi kati ya hiyo nikiwa kwenye wodi za saratani, na hilo neno "jikaze" nimelisema mara nyingi kuliko "pole". Tulilisema kwa nia njema. Pia tulilisema, nikiwa mkweli, kwa sababu mgonjwa anayelia anachukua muda na wodi ina vitanda vingi.

Na hilo la mawazo kulisha ugonjwa wifi yako hakulitunga. Mwaka 1989 daktari mmoja wa magonjwa ya akili kule Marekani, David Spiegel, alitoa habari za wanawake 86 waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa. Waliokutana kila wiki kwenye kikundi cha mazungumzo waliishi wastani wa miezi kama 37, wenzao ambao hawakuwa na kikundi miezi kama 19. Habari ikaenea dunia nzima, na ilipotufikia huku ilikuwa imeshageuka kuwa "cheka utapona". Wakati kile kikundi wala hakikuwa cha kucheka! Wale wanawake walikuwa wakikaa wanazungumza juu ya kifo, wanaliliana, wanasema yale wasiyoweza kuyasema nyumbani.

Wataalamu wengine wakarudia, kwa watu wengi zaidi. Huko Kanada wanawake 235, matokeo yakatoka 2001: walio kwenye kikundi hawakuishi zaidi ya wenzao. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake wakawaangalia wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, wakaona hali ya moyo wa mtu haikuonyesha nani ataishi zaidi. Kwa hiyo jirani wa wifi alicheka, akapona, Mungu ni mwema. Mimi nimewasitiri kwa shuka waliocheka mpaka siku ya mwisho, na ninakutana sokoni na wengine waliolia kila dripu na leo wanauza nyanya. Ni vile tu hakuna anayekwenda kumsimulia mgonjwa habari za aliyecheka akafa.

Ila utafiti ule wa Kanada uliona jambo ambalo ndilo nataka ulishike. Waliokuwa kwenye kikundi, hasa wale waliokuwa wameelemewa tangu mwanzo, maumivu yalipungua na huzuni ikapungua. Hawakuongezewa siku, lakini siku walizokuwa nazo zilikuwa na nafuu. Hiyo yatosha kuwa sababu ya kuutunza moyo, bila kuupa na kazi ya kuua uvimbe. Kazi hiyo ni ya dripu.

Sasa nikwambie kinachonitisha zaidi kwenye barua yako, na si machozi. Ni ile "vizuri" uliyomjibu daktari.

Lugha yetu hii, mwanangu, haituruhusu kuumwa. Mtu anakuuliza hujambo, jibu ni sijambo. Habari za nyumbani? Nzuri, ila tumefiwa. Niliwahi kuwa na mgonjwa mmoja, mama mtu mzima wa heshima zake, kila asubuhi nikipita na faili namwuliza hali, ananiambia "nzuri mwanangu, nashukuru". Naandika: anaendelea vizuri. Siku ya nne nikabadilisha shuka lake nikaona amelitafuna pembeni, limetoboka kwa meno. Alikuwa akiliuma usiku maumivu yakija ili asiwaamshe wenzake. Dawa ya maumivu ilikuwepo kabatini, hatua kumi kutoka kitandani kwake. Hakuna aliyemnyima. Yeye alijikaza, mimi nikaandika vizuri. Tangu siku hiyo siulizi mgonjwa hali yake. Namwuliza usiku aliamka mara ngapi.

Kujikaza na kujisimamia ni vitu viwili tofauti. Anayejikaza anaficha, anayejisimamia anahesabu. Na wewe ni fundi, kuhesabu unajua. Lile daftari la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, ligeuze juu chini, uanze ukurasa wa nyuma. Kila jioni mstari mmoja tu. Siku ya ngapi tangu dripu, uchovu kati ya sifuri na kumi, vidole vikoje, umekula nini, moyo kati ya sifuri na kumi. Hivi:

*Siku ya 4. Uchovu 8. Ganzi mpaka kiungo cha pili, mikono yote. Uji, ndizi moja. Moyo 2. Nimelia, nikalala vizuri.*

Ukiandika mizunguko miwili utaona ugonjwa una ratiba. Wengi huanguka siku ya tatu mpaka ya sita halafu wanainuka. Ukiijua ratiba yako hutapokea kazi ya shela kwa siku ya tano. Utapokea ya siku ya kumi na nne, na mteja utamwambia tarehe bila kumweleza habari za maisha yako. Na siku ya nne moyo ukiwa mbili, utafungua ukurasa wa mwezi uliopita uone kwamba ulikuwa mbili vilevile, na siku ya tisa ulikuwa sita.

Vidole sasa. Hiyo dawa unayopewa baada ya ile nyekundu, mara nyingi ni paklitakseli, na inajulikana kwa kugusa mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Daktari hatashangaa, ila atakasirika kidogo kwamba hukusema. Anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha ratiba, na uamuzi huo ni bora aufanye sasa kuliko ganzi ifike viganjani. Kwa watu wengi hupungua taratibu miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, japo si kwa wote, na ndiyo maana ukimya wako ni wa hatari kwa cherehani kuliko ukweli wako. Kwa sasa shona kwa mashine, kazi ya mkono mpe msaidizi. Vaa kastabini. Maji ya moto yapime kwa kiwiko kama unavyompimia mtoto mchanga, na usitembee peku, mguu wenye ganzi haujui msumari. Mkono wa kushoto ukianza kuvimba au kuwa mzito, nalo liandike.

Hili la kufuata nakuomba ulikate ulibandike ukutani. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, askari weupe wa damu huwa wachache kuliko kawaida. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri kukuche, na usimeze panadol kwanza maana itaishusha homa uonekane mzima. Sisi homa yetu yote ni malaria. Mtu anatumwa duka la dawa, analetewa dawa mseto, anajifunika kanga, kesho anazidiwa. Ukifika mapokezi usiseme "nina homa", sema "niko kwenye kemo na nina homa". Hayo maneno matatu ya mwanzo ndiyo yatakayokuondoa kwenye foleni.

Majani ya mstafeli acha. Sijaona mtu aliyeponywa nayo, na yana jambo baya: kule Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani wanakopenda sana stafeli na chai yake, madaktari waliyahusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na wa Parkinson. Mishipa yako ya fahamu tayari ina mzigo, usiiongezee. Tena figo na ini lako vina kazi ya kusafisha kemo. Wifi mwambie daktari kakataza chochote cha kuchemsha mpaka umalize. Mbebeshe daktari lawama, ndiyo kazi yake, wifi hatamnunia.

Na kula. Mayai, dagaa, maharage, kuku, nyama ikipatikana, chai yenye sukari ikikupitia kooni. Kila seli mwilini inatumia sukari, ukijinyima unakonda wewe. Mtu aliyekonda sana dripu humshinda ikabidi iahirishwe.

Kuhusu kuacha kuwaza: huwezi, wala mimi siwezi. Unachoweza ni kuyapangia saa. Chagua saa kumi na moja jioni, kabla watoto hawajaanza kudai chakula. Kaa dakika 20 na daftari, waza yote kwa makusudi, ada, shela, kifo, mume, andika. Muda ukiisha funga, nenda kakoroge unga. Yakija usiku yaambie yasubiri saa kumi na moja. Najua linasikika kama mchezo wa watoto. Nililidharau nilipofundishwa, nikawapa wagonjwa bila imani, wao ndio wakanirudia wakisema linafanya kazi. Likikataa na uko macho zaidi ya nusu saa, usihesabu mabati. Inuka, kaa kwenye kiti, pumua taratibu, utoaji wa pumzi uwe mrefu kuliko uvutaji, urudi kitandani usingizi ukija.

Tembea pia. Uchovu wa kemo haulaliwi ukaisha, ukiulalia unaota mizizi. Anza na kwenda mpaka duka la tatu na kurudi. Hata siku ya uchovu saba. Ya tisa pumzika.

Ila kuna huzuni ambayo haitaki mbinu zangu, inataka mtaalamu. Ikipita wiki mbili moyo uko chini karibu kila siku, hata watoto hawakupi furaha, hutaki kuoga wala kula, au umeanza kuona bora usafiri wa Dar uache, sema kliniki. Hiyo ni sonona, ina tiba, na hapo ndipo moyo unaweza kweli kumdhuru mtu, kwa mlango wa kuacha dawa. Likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri kliniki, mwambie mtu siku hiyohiyo akupeleke hospitali. Usijinunulie dawa za usingizi wala za mawazo. Mbele ya safari unaweza kupewa tamoksifeni, na baadhi ya dawa za sonona huipunguzia nguvu. Hospitali kubwa za saratani zina maofisa ustawi wa jamii, na Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wana huduma ya tiba shufaa. Watu wanasikia shufaa wanadhani ni ya anayeaga dunia. Si hivyo. Ni ya mtu yeyote ambaye ugonjwa unamuumiza, mwili au moyo, akiwa bado yuko kwenye matibabu.

Akina mama wa jumuiya wape kazi. Watu husema jikaze wanapokosa la kufanya mikono yao. Mmoja achote maji siku ya tatu na ya nne, mwingine akae na mdogo unaposafiri, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote mtume kwa wifi. Kama kati yao au kliniki kuna aliyepitia hii njia, omba namba yake. Mkitaka kuliliana mliliane.

Mumeo hujui anawaza nini, na mimi sijui. Huenda anaogopa kidonda kweli. Huenda anaogopa kukutazama ukamwona anatazama. Nimewaona wanaume wanaoamini saratani inaambukiza, na wanaoona aibu kuuliza. Haiambukizi. Siku chache za kwanza baada ya dripu mtumie kondomu, na mimba isiingie kipindi chote hiki, hayo mengine muulizeni daktari pamoja. Safari ijayo mpandishe treni. Lakini usingoje treni. Leo usiku watoto wakilala mwambie: "Kidonda kimekauka. Nataka urudi. Kama unaogopa, niambie unaogopa nini." Halafu nyamaza, hata akikaa kimya dakika tano. Usimsaidie kujibu.

Binti wa miaka 13 hadanganyiki na vidonda vya tumbo. Nywele zimekatika, titi halipo, na simu anayo au ya rafiki yake anayo. Akisikia neno "saratani" shuleni ataamini pia kwamba humwamini. Mwite kwenye cherehani, mpe kitu cha kushika, vifungo avipange. Mwambie jina la ugonjwa, mwambie haukuletwa na yeye, hauambukizi, na unatibiwa. Akikuuliza tena kama unakufa, mwambie: "Sitaki kufa, na ndiyo maana nakwenda Dar. Likibadilika lolote nitakwambia mimi mwenyewe, hutalisikia kwa watu." Halafu hiyo ahadi uitimize.

Umebakiwa na dripu mbili. Ukiingia kwa daktari atakuuliza unaendeleaje mama, huku anaangalia faili. Usijibu. Daftari uwe umeshalifungua nje kwenye benchi, ulisukume juu ya lile faili, kidole chako cha ganzi kikiwa juu ya mstari wa sindano.